Helikopta ya kwenye kompyuta ipimwe Barafu, isipimwe kwa picha zake

Kila simuleta mpya ya ndege, yaani programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, inapotoka, mjadala huanzia machoni. Watu husifia dashibodi, vivuli vya mawingu, theluji ya Kibo inavyong'aa alfajiri. Kwa ndege ya mabawa sina ugomvi sana na hilo. Kwa helikopta naona tunaangalia pasipostahili. Ukitaka kujua kama mtengenezaji anaielewa mashine aliyoiunda, ijaze mzigo, ipeleke juu, kisha jaribu kuisimamisha hewani. Makosa yake yote ya hesabu yatajitokeza hapo ndani ya nusu dakika.

Nachagua Barafu, kambi iliyo kwenye takribani mita 4,670 upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, ambako wapandaji wengi hupumzika kabla ya kukikabili kilele usiku. Nimeichagua kwa sababu helikopta halisi huufuata mlima huo kuwachukua wagonjwa waliozidiwa na ugonjwa wa mwinuko, na aina inayotumika sana kwa kazi hiyo duniani, AS350 B3, ina takwimu zinazojulikana vizuri. Iko pia nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na jambo hilo, kama nitakavyoonyesha, huzisumbua modeli nyingi, yaani helikopta zilizoundwa kwa hesabu za kompyuta.

Tuanze na rota, yaani mapanga yanayozunguka juu ya helikopta. Rota huinyanyua helikopta kwa kuisukuma hewa kwenda chini. Uzito wa mashine haupungui kwa kupanda mlima: kilo 2,250, ambazo ndizo uzito wa juu wa AS350 B3 isiyoning'iniza mzigo nje, ni zilezile Moshi na ni zilezile Barafu. Kinachopungua ni hewa. Usawa wa bahari, katika hali ya kawaida ya vitabuni, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225. Barafu, siku ambayo joto limepita sifuri kidogo, unabaki na takribani kilo 0.735, yaani asilimia 60. Ili ipate msukumo uleule kutoka kwenye hewa hiyo nyepesi, rota lazima iitupe chini kwa kasi zaidi. Kwa rota yenye kipenyo cha mita 10.69, hewa inayopita katikati ya mapanga usawa wa bahari huwa na kasi ya mita 10 hivi kwa sekunde. Barafu inakaribia mita 13. Nguvu inayohitajika kwa kazi hiyo peke yake hupanda kutoka kilowati 221 hivi hadi karibu 285, na hapo tunahesabu rota isiyopoteza chochote, ambayo haijawahi kutengenezwa.

Wengi wakifika hapa husema basi, mlima unaitaka helikopta ifanye kazi theluthi moja zaidi. Si hivyo. Mapanga yenyewe hukata hewa, na hewa nyepesi huyaburuza kwa nguvu ndogo kuliko nzito. Sehemu hiyo ya matumizi inashuka. Ukijumlisha yote, mahitaji ya nguvu ya kuelea, yaani kusimama hewani, yanapanda, kwa makadirio yangu, kati ya asilimia 10 na 15 tu. Kwa upande wa nguvu, rota inauvumilia mlima kuliko inavyodhaniwa.

Injini haiuvumilii. Arriel 2B1, injini ya tabaini iliyofungwa kwenye B3 nyingi, hutoa takribani kilowati 630 wakati wa kuruka usawa wa bahari. Nguvu ya tabaini hutokana na kilo za hewa inazovuta kila sekunde. Hewa ikibaki asilimia 60, kilo zinapungua, mafuta yanayoweza kuchomwa bila kuyaunguza mapanga ya ndani ya tabaini yanapungua, na nguvu inashuka karibu kwa kiwango hichohicho. Unabaki na kilowati 380 hivi. Upande wa pili wa daftari, helikopta iliyojaa inahitaji zaidi ya 400 ili ielee pale, ukihesabu hasara za rota kubwa na ulaji wa rota ya mkiani. Hazitoshi.

Kwa hiyo jaribio langu ni rahisi, na yeyote mwenye simuleta anaweza kulifanya leo. Chukua AS350 B3 au ndugu yake H125, ijaze hadi kilo 2,250, iweke Barafu, joto nyuzi 3, upepo sifuri. Vuta wenzo wa kushoto, ule marubani wanaouita koletivu. Ikisimama hewani mita 20 juu ya mawe kwa utulivu kana kwamba iko Dar es Salaam, modeli hiyo haijui mlima ni nini. Halafu punguza mafuta na abiria hadi kilo 1,700 hivi. Sasa inapaswa kuelea, kwa shida, ikiwa na akiba ndogo. Tofauti kati ya uzito huo wa kwanza na wa pili ndiyo kazi nzima ya rubani wa uokoaji. Tangi lililojaa la B3 lina lita 540, zaidi ya kilo 420. Kila lita anayoiacha chini ni nafasi ya mgonjwa, na kila lita anayoiacha chini ni dakika anazozikosa mawingu yakimfungia njia ya kurudi. Simuleta isiyomlazimisha mtu kuifanya hesabu hiyo imemnyima somo kuu.

Makosa ya modeli hayalingani. Lililo baya kupita yote, na ninaliona mara nyingi, ni kuugeuza mlima kuwa kizidishio kimoja. Mtengenezaji anapiga hesabu ya mwinuko wa densiti (mwinuko ambao kitabuni mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo zilezile), anapata kwa mfano mita 5,000, kisha anapunguza kila kitu kwa kipimo hicho kimoja: rota, injini, mkia. Lakini rota na injini haziusomi mlima kwa namna moja. Rota inajali densiti tu, na kwa kiasi fulani kasi ya sauti kwenye ncha za mapanga. Haijali kama hewa imekuwa nyepesi kwa sababu ya mwinuko au kwa sababu ya joto. Injini inajali sana. Mgandamizo wa hewa na joto huingia ndani yake kwa milango tofauti, kwa sababu hewa iliyoingia ikiwa na joto huanza safari ya ndani ikiwa tayari imesogelea kikomo cha joto ambacho tabaini haitakiwi kukivuka. Densiti moja iliyopatikana kwa baridi na mwinuko mkubwa, na densiti hiyohiyo iliyopatikana kwa joto na mwinuko mdogo, kwa rota ni hewa ileile. Kwa injini ni siku mbili tofauti.

Na ndipo ikweta inapoingia. Angahewa ya kawaida ya vitabuni inasema kwenye mwinuko wa Barafu joto liwe nyuzi 15 chini ya sifuri. Ilipimwa na kuwekwa kuwakilisha wastani wa nchi zenye majira ya baridi. Kwetu, mstari wa sifuri angani hukaa karibu na mwinuko uleule wa kambi yenyewe, na mchana jua likipiga joto hupita hapo. Mgandamizo nao huwa juu kidogo kuliko wa kitabuni kwa mwinuko huo. Mawili haya hufidiana kwa sehemu kwenye densiti, hivyo mtu anayeangalia rota peke yake anaweza kusema tofauti ni ndogo. Injini yenye hewa ya nyuzi 3 badala ya 15 chini ya sifuri haitakubaliana naye. Mtu anayerusha Kilimanjaro kwa hali ya hewa ya kiwandani, bila kuigusa, anaurusha mlima ulioko Ulaya.

Kuna lingine ambalo rubani huliona kwa macho. Kwenye dashibodi ya B3 kuna kipimo kinachomwonyesha rubani kikomo kilicho karibu zaidi kati ya vitatu: msokoto unaoingia kwenye giaboksi, joto la injini, na kasi ya sehemu ya injini inayozalisha gesi. Chini, usawa wa bahari, injini ina nguvu kuliko giaboksi inavyoweza kubeba, kwa hiyo kikomo cha kwanza ni msokoto. Unavyopanda, injini inadhoofika huku giaboksi ikibaki na uwezo wake uleule, na kwenye mwinuko fulani kikomo kinahama: sasa kinachokuzuia ni injini. Sindano ni ileile lakini herufi pembeni yake zinabadilika. Rubani mzoefu huyaangalia mabadiliko hayo kama mvuvi anavyoangalia maji yakigeuka. Kwenye modeli nyingi kikomo ni msokoto kutoka Tanga hadi Uhuru, na mtumiaji anajifunza kukisoma kipimo ambacho kule juu hakisemi lolote la maana.

Injini ikifika mwisho wake, kinachofuata ni mnyororo ambao simuleta nzuri lazima iuonyeshe kiungo kwa kiungo. Mfumo unaotawala injini hujitahidi kuiweka rota kwenye kasi yake, mizunguko 390 hivi kwa dakika. Rubani akivuta koletivu zaidi, pembe ya mapanga inaongezeka, mburuzo unaongezeka, na injini haina cha kuongeza. Kasi ya rota inaanza kushuka. Msukumo wa rota hufuata kipeo cha pili cha kasi, hivyo kasi ikipungua asilimia 5, kwa pembe ileile unapoteza karibu asilimia 10 ya msukumo. Helikopta inazama. Silika ya anayezama ni kuvuta tena, na akivuta anaizamisha zaidi. Dawa ni kinyume cha silika: shusha koletivu kidogo, sukuma pua mbele, tafuta kasi kama nafasi ipo.

Mkia nao uko kwenye mnyororo huohuo. Rota ya mkiani imeunganishwa kwa gia na ile kubwa, kwa hiyo kubwa ikipungua kasi, ndogo inapungua nayo, katika hewa ambayo tayari imeidhoofisha, na wakati hasa inapohitajika zaidi. Kwenye AS350 rota kubwa huzunguka kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu, tofauti na helikopta za Marekani, kwa hiyo ni mguu wa kulia unaoelekea mwisho wa pedali. Pedali ikigota na pua bado inageuka kushoto, huna tena swali la nguvu. Una swali la uelekeo, karibu na mawe. Ninapojaribu modeli, naangalia hilo kabla ya kitu kingine chochote: je, pedali ya kulia inakaribia mwisho ninapoelea na mzigo juu ya Barafu? Kama imekaa palepale ilipokuwa Moshi, nafunga na kwenda kulala.

Katika simuleta nyingi za bei rahisi, kasi ya rota haishuki kabisa. Imegandishwa asilimia 100, mlima upende usipende. Uamuzi huo mmoja wa mtengenezaji unaufuta mnyororo wote niliouandika hapo juu, na hakuna picha ya theluji inayoweza kuurudisha.

Zipo njia bora. X-Plane, ya kampuni ya Laminar Research, kwa miaka mingi imekuwa ikilikata kila panga vipande na kukokotoa nguvu kwenye kila kipande badala ya kusoma jedwali lililoandaliwa. FlightGear ni ya bure na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo kijana mwenye subira anaweza kufungua faili za rota na kujisomea mwenyewe densiti inaingia wapi. Microsoft ilizirudisha helikopta kwenye simuleta yake, Flight Simulator, Novemba 2022. Napenda njia ya vipande kuliko majedwali, kwa sababu jedwali linajua tu lilichopimiwa. Lakini hata hiyo haiokoi modeli ambayo injini yake imeandikwa kivivu. Nimeona rota zilizokokotolewa kwa ustadi zikilishwa na injini isiyochoka, na matokeo yake huwa mabaya kuliko modeli ya kawaida, kwa kuwa mtumiaji anaiamini.

Hewa nyepesi hubadilisha hata tabia ya mapanga yenyewe, jambo ambalo halizungumzwi kabisa. Kila panga linapozunguka hupepea juu na chini, na hewa ndiyo inayolituliza. Hewa ikipungua, utulizaji unapungua. Waliotengeneza Ingenuity, helikopta ndogo ya NASA iliyoruka Mars kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, walilazimika kupambana na hilo mapema, kwa kuwa hewa ya Mars ina takribani asilimia 1 tu ya densiti ya hewa yetu ya usawa wa bahari. Mapanga ya rota zake zenye kipenyo cha mita 1.2 yalifanywa magumu kupita kawaida na kuzungushwa zaidi ya mara 2,400 kwa dakika. Haikuwezekana kuijaribu nje uwanjani, hivyo hesabu za kompyuta na chumba kilichonyonywa hewa ndivyo vilivyobeba kazi yote, na iliruka mara 72. Barafu haiko mbali hivyo, lakini mwelekeo ni uleule: helikopta ya juu hujibu mkono wa rubani kwa kuchelewa kidogo na hutikisika kwa namna nyingine. Modeli inayojibu kwa ukali uleule Moshi na Barafu imeliacha hilo.

Zaidi ya hesabu za mashine kuna hewa yenyewe ya mahali. Tarehe 14 Mei 2005 rubani Mfaransa Didier Delsalle alitua na AS350 B3 juu ya kilele cha Everest, mita 8,848, akakaa hapo zaidi ya dakika tatu. Helikopta ilikuwa imepunguzwa uzito, na yeye alikuwa ameusoma upepo unaopanda kwenye kuta za mlima na kuutumia. Upepo huohuo upande wa pili wa kilele hushuka, na ungemshusha. Mfano wa upande wa huzuni ni Abbottabad, Pakistani, Mei 2011. Wanajeshi wa Marekani walikuwa wamefanya mazoezi kwenye mfano wa jengo alimojificha Osama bin Laden, mfano uliozungushiwa uzio wa waya. Jengo halisi lilikuwa na kuta nene. Uzio wa waya uliruhusu hewa ya rota itoke; kuta ziliirudisha, siku ilikuwa na joto kuliko walivyotarajia, na helikopta moja ikapoteza msukumo na kuanguka uani. Mazoezi yote yale, na kilichokosekana kwenye mfano kilikuwa ukuta.

Nimesikia hoja kwamba haya yote ni mchezo, na anayetaka kuruka kweli ataenda shule ya urubani. Siikubali. Saa moja ya helikopta ni ghali mno kwa kijana wa kawaida wa Arusha au Nakuru, na wengi wanaianza safari yao kwenye kompyuta ya nyumbani wakiwa na nia ya dhati. Mikono inajifunza kabla ya akili. Aliyezoea miaka miwili kwamba kuvuta koletivu huinua helikopta daima, ana kazi ya kusahau kabla hajaanza kujifunza. Hata simuleta kubwa za kitaalamu, zinazopimwa na mamlaka za anga dhidi ya data za ndege halisi, zina uaminifu ndani ya mipaka ya data hizo. Nje ya hapo zinakisia kama nyingine.

Kwa hiyo ningetaka watengenezaji wanaouza modeli za helikopta watoe, pamoja na picha, ukurasa mmoja wa majedwali: uzito ambao modeli yao inaweza kuelea nao kwenye mita 0, 1,500, 3,000 na 4,500, kwa joto tatu tofauti, ukiwekwa pembeni ya jedwali la kitabu cha rubani cha helikopta halisi. Hilo halihitaji siri yoyote ya kiwanda. Anayejua modeli yake ni nzuri hatakuwa na cha kuogopa, na mnunuzi atajua analipia nini.

Na asiyetaka kusubiri haihitaji hata Kilimanjaro. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko kwenye mita 1,690 hivi. Chukua helikopta ndogo ya injini ya pistoni, ijaze watu wawili wazima na mafuta ya kutosha. Alfajiri, joto likiwa nyuzi 12, kwa rota hapo ni kama mita 2,000. Saa nane mchana, nyuzi 26, uwanja uleule umepanda hadi karibu mita 2,500. Elea mara zote mbili kwenye simuleta yako, kimo kilekile, na uandike kipimo cha mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini kinasoma ngapi kila mara na ni kiasi gani cha wenzo kilichobaki mkononi.